Mlinzi Asiyekalia Kiti

Mlinzi wa jengo linalotazamana na saluni ya Marthe, hapa Yeoville, hajui kutulia. Kiti cha plastiki alipewa, lakini kimebaki cha kutundikia koti. Yeye huzunguka getini, huchuchumaa, huinuka, hupangusa viganja kwenye suruali kana kwamba vimelowa. Goti lake la kushoto hulia kila akigeuka. Marthe husuka huku jicho moja liko kwake. Anajua kwamba zamani mzee huyu alicheza mpira wa Kiaustralia hapahapa Joburg, ule mpira wenye umbo la yai, unaodakwa juu hewani, hata kwa kupanda mgongo wa mwenzako.

"Papa, kaa basi! Unanizungusha kichwa."

"Siku nikikaa, mama, ujue nimekwisha."

Jumamosi alikuja mgeni, na Zabibu wa ghorofa ya tatu akamrushia kutoka dirishani funguo za geti ndani ya soksi, kama wafanyavyo wapangaji wote. Soksi ikaenda upande, ikielekea barabarani. Mlinzi akaruka. Lile goti bovu likapanda mgongoni mwa mgeni, mikono ikanyooka, soksi ikanasa viganjani.

"We mzee, una wazimu?" mgeni akafoka.

Hakusikia. Alikuwa anarudi kinyumenyume, soksi kaikumbatia kifuani, akimngoja refa apulize filimbi. Katika mchezo ule, aliyedaka hivyo haguswi na mtu mpaka aupige mpira.

Taksi ikapiga honi. Mzee akashtuka, akamkabidhi mgeni zile funguo bila kumtazama. Kisha akaliondoa koti kitini, taratibu, akakaa.