Karatasi ya Sigara kwa Fyuzi

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka ni ya kibuyu cha nyanya yangu, mama yake baba, kikisuguliwa ndani kwa kaa la moto kabla ya kutiwa maziwa. Hiyo ilikuwa harufu tamu. Lakini jana chaja ya simu iliungua hapa nyumbani, na harufu ya waya ikanirudishia hasira yangu yote.

Jioni moja zamani pikapu ya kukodi ilikuwa imejaa miraa yetu, ya kuuza tulipe bili ya kumtoa baba hospitalini, na miraa hunyauka, haingoji kesho. Taa zikakataa. Dereva akaona fyuzi imekatika, akaizungushia ile karatasi ya kung'aa ya sigara. Taa zikawaka.

"Na fyuzi ilikatwa na nini?" mama akauliza. "Angalia waya kwanza."

"Mama, wewe jua maharagwe. Gari niachie."

Hata langoni hakufika. Moshi ulitoka chini ya usukani, waya zikayeyuka, gari likazima.

"Sasa, dereva?" mama akauliza.

"Gari lenyewe ni zee."

Eti gari. Akapangusa mikono kwa majani ya mgomba yaliyofunika miraa yetu, akasema anaenda sokoni Muthara kuita fundi, akaondoka akipiga mluzi. Hajarudi mpaka leo.