Chujio la Safari ya Bibi

Ndani ya kabati la wazazi wangu, kati ya blanketi la arusi na suti ya baba, lilikaa chujio la hewa la gari. Lilikuwa jipya, la kiwandani, bado limo ndani ya boksi lake la njano, na watoto tulikatazwa kuligusa. Mama alikuwa akifungua kabati kutafuta kitenge, anakutana nalo, anasonya, anafunga.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya dizeli yenye tabo. Baba aliinunua kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa akichimba visima na ambaye mkataba wake ulikwisha. Tabo ni kifaa kidogo chenye mapanga yanayozungushwa na moshi wa injini, nacho husukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Ukikanyaga mafuta kinapiga mluzi. Sisi tulikaa Nangara, pale Babati, na majirani walilijua gari la baba kwa mluzi huo kabla hawajaliona. Mama akiusikia alikuwa anachota maji ya kunawa na kuyaweka kizingitini. Kwa gari lile baba alibeba mbaazi, mahindi, wagonjwa, maharusi, na siku moja dume la ng'ombe lililokuwa na hasira kuliko mama.

Ilikuwa miaka ile ya themanini ambayo kila kitu kilikuwa na foleni yake. Sabuni ilikuwa na foleni, sukari ilikuwa na foleni, betri za redio zilikuwa na foleni ndefu kuliko zote na mwisho wake unaambiwa zimekwisha. Vipuri vya magari ndiyo usiseme. Ukimwona mtu ana tairi jipya, unajua ana ndugu mahali.

Chujio lililokuja na gari lilikuwa la karatasi ngumu iliyokunjwakunjwa kama marinda ya sketi ya shule. Kazi yake ni kuzuia vumbi lisiingie kwenye injini pamoja na hewa. Sasa mtu aliyelitengeneza, huko alikokuwa, nadhani hakuwahi kuona vumbi la Babati, jekundu, laini kama unga, linalotangulia gari na kukukuta jikoni. Kila jioni baba alilitoa chujio lile, akaligongagonga kwenye tairi, akalipuliza kwa mdomo, akalirudisha. Mwishowe karatasi ikachanika.

Akaenda kwa fundi wake wa Maisaka. Fundi alichukua kile kizimba cha waya cha chujio la zamani, akakizungushia sponji la godoro, akalishona kwa uzi wa viatu, akalilowanisha oili chafu ili lishike vumbi. Alimwambia baba kwamba hilo ni la kusogezea siku tu, halafu atafute la kiwandani.

Kwa bahati mbaya gari likakimbia vizuri zaidi. Nasema bahati mbaya kwa sababu baba angelitupa godoro lile mapema kama lingemsumbua. Gari likawa jepesi, mluzi ukawa mkali, na baba akaanza kuhubiri. Kila aliyekuja kwetu aliambiwa kwamba machujio ya kiwandani yanalibana gari pumzi, yametengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kwamba fundi wa Maisaka amewashinda waliolitengeneza. Mama, aliyekuwa akichekecha unga wakati wa mahubiri hayo, alisema chekecheke linalopitisha haraka hupitisha na pumba. Baba akamwambia unga na dizeli ni vitu viwili.

Bibi, mama yake mama, aliishi juu kule, ukishapanda mlima wa Dareda unaendelea kwenye nyanda za Mbulu. Alizungumza Kiiraqw, Kiswahili alikuwa nacho cha kanisani na cha gulioni. Alikuwa hajawahi kuiona nyumba ya binti yake. Macho yake yalikuwa yameanza kufanya ukungu. Baba alipokwenda huko kwa lori kwenye msiba wa jirani, wakati mvua zimeharibu njia ya mlimani, bibi alimketisha akamwambia, kwa Kiswahili ili asisingizie kwamba hakuelewa, "Mkwe wangu, nataka kukaa ndani ya nyumba ya binti yangu wakati bado naona mlango uko wapi."

Baba alimjibu, "Kiangazi kikianza, mama, nakuja kukuchukua mwenyewe kwa gari."

Aliporudi alitusimulia, na mama akalia, halafu akaanza siku ileile kupaka upya udongo mweupe ukutani. Tangu hapo ndani ya nyumba yetu kulikuwa na shughuli moja tu, nayo ni kuja kwa bibi. Kitanda chake kilijulikana. Kuku wake alijulikana, naye akapata heshima ambayo hakuielewa.

Ndipo rafiki yake baba, dereva wa malori yaliyovuka mpaka wa Namanga, akamletea chujio la kiwandani, saizi yenyewe, badala ya gunia la mbaazi. Baba aliliweka mezani na wote tukaja kuliangalia. Lilinuka karatasi mpya. Mama alimwambia akalifunge kwenye gari sasa hivi, kabla giza halijaingia. Baba alilirudisha kwenye boksi taratibu.

"Hili ni la safari ya kumchukua mama," alisema. "Siwezi kumpandisha mkwe wangu kwenye gari lenye godoro puani."

Anayecheka hapa hakuishi miaka ile. Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Kitu kizuri kilikuwa na siku yake, na siku yake haikuwa leo. Nguo mpya ilikuwa ya Krismasi. Mimi mwenyewe nilikuwa na viatu vilivyosubiri Pasaka hadi vikanibana. Mama alikuwa na vikombe sita vya udongo, vyenye maua, vilivyokaa nyuma ya kioo cha kabati la sebuleni, na sisi tukanywa uji kwenye vikombe vya bati tangu nilipopata akili. Kwa hiyo mama alipomsakama sana juu ya chujio, baba alinyoosha kidole kwenye vikombe vile, na mama akarudi jikoni.

Kiangazi kikaanza. Mbaazi zikavunwa, na kila mtu akataka zake zibebwe kwanza. Baba akasema amalizie mzigo wa jirani, halafu wa kanisa, halafu wa yule aliyetusaidia wakati ule, halafu ndiyo aende kwa bibi akiwa hadaiwi safari na mtu. Gari likapita kwenye vumbi na godoro lake, asubuhi na mchana. Mluzi ukabadilika. Ulikuwa wa filimbi, ukawa wa mtu mwenye mafua. Siku moja mama alifungua boneti mwenyewe, akachomoa bomba la mpira linalotoka kwenye chujio, akaingiza kidole. Kilitoka chekundu. Alikwenda kukiweka mbele ya uso wa baba aliyekuwa anakula.

"Baba watoto, livalishe gari chujio lile jipya leo. Likichafuka, tutampakia mama yangu na uchafu huohuo. Yeye hatakagua chujio, anataka kuona mlango."

Baba alisema wiki ijayo. Nilikuwa nimesimama pale na sinia mkononi, na nakumbuka nilimkubali mama na bado nikamwonea huruma baba, kwa sababu alitaka kitu kizuri kabisa kwa mkwe wake na hakujua njia nyingine ya kukionyesha.

Hiyo wiki ijayo ilipofika, gari lilirudi kutoka Magugu likivutwa na trekta. Mama alikuwa hajachota maji, maana hakusikia mluzi.

Fundi wa Maisaka alikuja akalifungua uani kwetu. Sponji lilikuwa limeiva kwa oili na joto, likaanza kumeguka. Vipande vyake pamoja na vumbi la kiangazi kizima vilipitia kwenye tabo vikaingia ndani ya injini. Fundi alimpa baba gurudumu la tabo mkononi. Mapanga yake yalikuwa yameliwa ncha, kama jembe lililolimia mawe. Ndani ya injini nako palikuwa pamekwaruzika, na vipuri vya kuparekebisha havikuwepo Babati wala Arusha.

"Nilikuambia ni la kusogezea siku, mzee," fundi alisema. Hakusema kwa ubaya. Baba aliitikia kwa kichwa.

Fundi alipoondoka baba aliingia chumbani, akatoka na boksi la njano. Akalifungua chujio jipya, akaliweka mahali pake katika gari lile lililokufa. Liliingia sawasawa, bila kusukumwa. Akafunga vibanio vyote, akapangusa mfuniko kwa mkono wa shati, akashusha boneti. Nilimkasirikia sana. Nilitaka mtu amwambie neno, na nilimwangalia mama nikijua ana maneno. Mama aliinama, akaokota boksi tupu, akaenda nalo ndani.

Mama ndiye aliyekwenda kwa bibi, kwa lori, juu ya magunia, mahali ambapo mzee kama bibi asingeweza kupanda. Sukari yetu yote ya mgao aliitia kwenye mfuko wa kitambaa, akaushona mdomo, akauweka ndani ya boksi la njano usije ukalowa. Alirudi akasema bibi alimshika uso wote kwa viganja, akamtaka aieleze nyumba, naye akaieleza kuanzia mlangoni, chumba hadi chumba, mpaka rangi ya maua ya vikombe. Kisha bibi aliulizia gari. Mama akasema linatengenezwa. Bibi akasema basi atangoja.

Halikutengenezeka. Kuku walihamia chini yake, akiwemo yule wa bibi. Baba alikuwa akitafuta vipuri kwa kila dereva aliyesimama stendi, na kila dereva alisema ataangalia. Mvua zilizofuata zilipokwisha tukaletewa habari kwamba bibi amefariki.

Tulikwenda wote kwa lori. Baba alivaa ile suti ya kabatini, na tulipofika Dareda ilikuwa nyekundu kama nguo ya mtu yeyote. Baada ya kuzika, wanawake waliingia jikoni kutafuta cha kuwapikia watu chai. Majani yalikuwepo, maziwa yalikuwepo, sukari haikuwepo nyumba nzima. Ndipo mke wa mjomba akaenda chumbani kwa bibi, akarudi na boksi la njano. Alimkabidhi mama mbele yetu, baba akiwa amekaa kwenye benchi la mlangoni.

"Hii alitukataza," alisema. "Alisema ni ya chai ya mkwe wake, siku atakapokuja na gari."

Mama alitoa mfuko ule. Mshono wake wa mkono ulikuwa vilevile, haujakatwa uzi hata mmoja. Sukari ilikuwa imeshikana ikawa jiwe. Aliiweka juu ya kinu, akaivunja kwa mchi, kipande kwa kipande, akaitia yote kwenye sufuria. Kikombe cha kwanza akampelekea baba. Baba alikipokea kwa mikono miwili, akanywa hadi chini, na mama akasimama palepale mpaka alipomaliza. Ilikuwa chai tamu kupita kiasi, na hakuna aliyelalamika.