Kuni za Mti Uliovuka Masale

Asubuhi ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kitinda mimba wetu akiwa amefungwa khanga kifuani kwa sababu ya kikohozi, baba mdogo aliyepanda kutoka Bomang'ombe, na mzee jirani yetu, amesimama kwake akiitazama mibuni yake iliyolala chini ya mti wetu. Baba na mama walikuwepo pia kwa namna yao, mgombani, katika makaburi yao mawili.

Mti wenyewe ulikuwa mgrevilea alioupanda baba. Upepo wa masika uliung'oa ukaanguka ng'ambo ya masale, ile mimea tunayopanda mipakani huku Mwika.

Baba mdogo hakuja kwa ajili ya mti. Alikuja kuniambia kwamba baridi iliyopita mtoto alikohoa mpaka akalazwa, na kwamba baridi ijayo akimkuta anakohoa hivyo katika nyumba isiyo na moto, atamchukua akalelewe na wakwe zake, na mdogo wangu ataenda Holili kubeba mizigo. Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi niliacha shule kidato cha pili mama alipofariki ili tusigawanywe.

Nikautazama ule mti. Gesi yetu ilikuwa ya kuchemshia chai tu, na msituni ni marufuku kukata. Kuni za msimu mzima zilikuwa zimelala pale, kwenye shamba la mtu ambaye hakusalimiana na baba tangu walipogombana kwa zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba.

"Mti ni wetu," baba mdogo akasema. "Leteni panga."

Mdogo wangu alishaanza kuvuta tawi. Nikamwambia aliache. Nikakata jani la sale, nikalifunga fundo, nikazunguka hadi aliposimama mzee, nikapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akaliona jani mikononi mwangu. Kwetu, anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe.

"Mti wetu umeua mibuni yako. Naomba radhi."

"Umenifunga, mtoto wewe. Nani kakufundisha?"

"Baba."

"Mbona mwenyewe hakuniletea?"

"Ndiyo maana nimeleta mimi, babu."

Akacheka, kicheko kikavu kama cha mtu aliyesahau kucheka. Akalipokea. "Kuni chukua. Ila mibuni yangu utaipanda upya, na utaitunza mpaka izae. Isipozaa, hujanilipa."

Akatuazima msumeno wake wa watu wawili. Mimi upande huu, mdogo wangu upande ule, tukaukata mti vipande vya urefu wa jiko. Kupasua nilipasua mwenyewe. Wanawake waliopita na majani ya ng'ombe walisimama kunitazama.

"Mwanamke na shoka! Utaolewa na nani?"

"Na anayesikia baridi!" nikawajibu.

Mzee akaketi kwenye kisiki. "Unaupasua au unaubembeleza? Usipige katikati. Anza ukingoni, fuata ufa. Penye fundo weka kabari."

Nikafuata ufa. Mgrevilea mbichi ukiupiga vizuri hufunguka wenyewe. Viganja vilichubuka, vikapona, vikawa vigumu. Tukazipanga kuni chini ya upenu, safu moja ikilala kushoto kulia, nyingine mbele nyuma, upepo upite, ganda likitazama juu. Zilizotangulia kukauka nilizihamishia darini, juu ya jiko la matofali alilojenga baba chumba cha kati, lenye bomba la kutolea moshi juu ya bati.

Ukungu wa Julai uliposhuka, baba mdogo alikuja na begi tupu la nguo za mtoto. Alikuta kuni zimefika kwenye ukingo wa bati. Ndani, kitinda mimba alikuwa sakafuni bila soksi, anamenya ndizi. Baba mdogo akakaa karibu na jiko, akavua koti, kisha sweta.

"Anakohoa?"

"Muulize mwenyewe."

"Sikohoi," mtoto akasema. "Ila baba mdogo, unatoka jasho."

Alipotaka kuondoka nililijaza begi ndizi. Nilisimama getini nikimwangalia akishuka nalo, nami sijawahi kusimama nimenyooka namna ile.

Mibuni niliyopanda sasa inanifika kiunoni. Kila jioni nampelekea mzee mzigo wa kuni, naye huupokea na kunikumbusha kwamba kuni hazipunguzi deni. Jana alinikuta naipalilia.

"Imetoa maua?"

"Bado, Meku," nikamjibu, kama tunavyowaita wazee huku.

"Basi bado nakudai," akasema, akaweka fimbo chini, akaketi kuniangalia nikipalilia.