Samaki Mbichi wa Mgeni

Jamani, nimechoka na wajuaji! Usharika wetu hapa Chome ulinikabidhi mgeni wa Kijapani nimlishe, na kila mtu akaniapia kwamba Wajapani wanakula samaki mbichi, asiyeguswa na moto. Nikaagiza sato kutoka Same, nikamkatakata, nikamkamulia ndimu. Wifi yangu alileta makande, nikamfukuza nayo.

"Yapeleke kwako! Unataka kutuaibisha?"

Mgeni akaja, akainama. Nami nikainama, tena zaidi yake. Nikasali, nikafunua sahani. Akamtazama samaki, akayatazama mafiga yangu yaliyopoa, akakunja mikono ya shati.

"Mama," akasema kwa upole, "kama kuni zimeisha, nipe shoka nikachanje."

Wifi akadakia dirishani, sufuria mkononi:

"Mpe basi, wifi!"