Wa Tatu kutoka Mkono wa Kulia

Mie kukaa kitako sikujaaliwa. Mama alikuwa akinipa kofia nishone, na kabla ya adhuhuri nimekwisha inuka mara kumi: mara kuku kaingia jikoni, mara nimesikia mtu barabarani, mara basi tu miguu inaniwasha. "Weye una nini, una wadudu?" akiniuliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeachwa na mume niliyekaa naye miezi minane, nimerudi kwetu Wete, na kila kitu cha nyumba ile kilikuwa kikiniudhi, hata mlio wa kinu.

Kilichonituliza kilikuwa kimoja tu, nacho alikileta mjomba wangu. Mjomba alikuwa mpiga picha, ana chumba chake karibu na soko, na picha za miaka ile, mwishoni mwa hamsini, zilikuwa nyeusi na nyeupe. Mtu akitaka rangi, hupakwa kwa mkono. Mjomba hakuwa na subira ya kazi ndogo ndogo, akatazama mshono wangu wa kofia, akasema mkono huu unafaa. Akaniletea vichupa vya rangi na pamba. Pamba naizungushia kwenye njiti ya ukuti, naichovya, naikausha kidogo kwenye kitambaa, ndipo naigusisha kwenye picha. Rangi ikishaingia kwenye karatasi haitoki tena, kwa hiyo hapo hata mie nilitulia.

Mwanzoni nilikuwa napaka kila kitu. Ukuta kijani, mbingu buluu, na mbuzi aliyepita nyuma naye anapata rangi yake. Wateja wanafurahi. Siku moja mjomba akanitupia mapajani picha ya harusi niliyoimaliza. "Haya, bwana harusi yuko wapi?" Nikatafuta, nikatafuta. "Unaona? Mwenyewe umempaka na mwenyewe humwoni. Ukipaka wote, hukupaka mtu."

Iliniuma, nikanuna kutwa nzima, lakini alisema kweli. Tangu hapo nikajifunza kuacha. Nyuma naacha kijivu kama kulivyo, na pale panapong'aa, kama ukuta wa chokaa, napapitishia maji ya chai yaliyopoa mpaka pafifie. Kisha yule mmoja ndiye nampa rangi, tena rangi ya kushiba. Nyekundu ukiiweka karibu na kijani zitagombana. Iweke katikati ya kijivu, mtu ataiona tangu mlangoni.

Sifa hiyo ndiyo iliyomleta bibi wa Gando. Mjomba aliingia naye asubuhi, kamshika mkono, maana jicho lake moja lilikuwa jeupe tupu, na la pili mtoto wa jicho alikuwa keshalifunika zaidi ya nusu. Kwenda kupasuliwa alikuwa hataki hata kusikia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Weye ndiye unayepaka?" Akanishika vidole, akavibonyeza kimoja kimoja kama anayechagua ndizi. "Mbona vina joto hivi? Huna homa?"

"Hana homa," mjomba akasema. "Ndivyo alivyo, hatulii."

Bibi akaeleza shida yake. Alikuwa na binti mmoja, kaolewa na mvuvi wa kisiwa cha Fundo, na mwaka uliopita amefariki katika uzazi. Siku hiyo bahari ilichafuka, mashua haikuthubutu kuvuka mpaka alasiri, na maiti hawekwi. Bibi alipofika alikuta udongo mbichi. Hakumfunua uso, hakumuaga.

"Na radhi sikumpa," akasema. "Najua kufa hakusubiri mtu. Lakini mie ni mamake. Nataka nimwone uso, nimwambie nimemridhia, kabla jicho hili halijafungwa. Mjomba wako ana picha yake. Mie ndogo siioni, na nyeusi siioni. Ila rangi kali naiona bado. Nipakie yeye peke yake. Wengine waache huko huko gizani."

Picha yenyewe mjomba aliipiga kwenye harusi moja Gando. Wanawake wanane wamejipanga uani, wamevaa sare, kanga zile zile juu na chini, vichwani wamejitanda. Nyuso hazizidi ukucha wa kidole gumba. Mie huyo binti sikupata kumwona maishani mwangu.

"Nitamjuaje, bibi?"

"Niliwapanga mwenyewe, nimesimama pale pale aliposimama mjomba wako. Ukiwatazama, anzia mkono wako wa kulia, huu unaolia wali. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Huyo ndiye mwanangu. Mrefu, mwembamba." Kisha akatoa kifuani kipande kimoja cha ile kanga ya sare, walichomrudishia kutoka Fundo. Mji wake, pale katikati, wa manjano, pindo nyekundu. "Rangi ni hizi. Usinikosee."

"Nikukosee vipi, bibi? Nina macho."

Wallahi nilisema hivyo. Nina macho.

Mjomba akachapisha picha mbili kubwa, moja ya kazi na moja ya kujaribia rangi. Nikahesabu kutoka mkono wa kulia: mmoja, wawili, watatu. Mrefu, mwembamba. Nikampaka siku mbili. Wale saba niliwafifisha kwa chai mpaka wakawa kama watu waliosimama katika moshi, na ukuta vilevile. Yeye nikampa manjano mara nne, juu ya manjano pindo nyekundu, midomo kidogo, na kahawia ya uso nikaichanganya asubuhi nzima. Pale mwisho mwisho miguu ikaanza kuniwasha, nikainuka kwa papara, nikapiga kichupa teke, rangi nyekundu ikamwagikia ile kanga ya marehemu. Loo, nilivyojilaani!

Bibi alipokuja nilimweleza la kanga, nikamwomba aniachie niifue. Hata hakunisikia. Alikuwa keshaishika picha, anaisogeza kwenye lile jicho, anaiondoa, anaisogeza. Ghafla akatulia.

"Huyu hapa."

Akaweka kidole juu ya manjano yangu, sawasawa, bila kusaidiwa. "Huyu hapa mwanangu. Kasimama peke yake." Mjomba akatazama chini. Bibi akaleta mdomo karibu na karatasi, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema na mtu wa chumba cha pili: "Mwanangu, nimekuridhia duniani na akhera. Nilichelewa, si kwa kupenda. Haya, nenda." Akaikunja picha ndani ya leso, akasema ataiweka sandukuni, hatamwonyesha mtu, mambo ya maiti si ya kutembezwa. Akaniombea dua ndefu, nami nikalia kwa furaha. Nilijiona nimefanya kazi ya maana kuliko kofia zote za Pemba.

Kanga niliifua siku tatu, kwa ndimu, kwa sabuni, kwa jua. Siku ya nne imetundikwa kambani mbele yangu, na mie nimekaa na ile picha ya majaribio, najichezea tu. Kusoma herufi za Kizungu sikujua. Sisi wasichana tulipelekwa chuoni, tukasoma Kurani na herufi zake, basi. Jina la kanga kwangu lilikuwa pambo kama maua yake. Lakini mwenye mshono anajua pambo limeelekea wapi. Katika maandishi yale palikuwa na alama moja iliyojikunja kama ndoana. Kambani, ndoana ilitazama upande wa bandarini. Kwenye picha, kwa wanawake wote wanane, ilitazama upande wa sokoni.

Nikaigeuza kanga. Nikaigeuza tena. Kwa upande wa nyuma tu ndipo ilipofanana na picha.

Nilikwenda kwa mjomba mbio, buibui linaburura. Akaichukua picha, akaisoma, akacheka. "Aa! Filamu niliigeuza, nimechapa upande usio wake. Ndio iwe nini? Watu si wale wale?"

"Mjomba, wa tatu kutoka mkono wa kulia! Na kulia kumekuwa kushoto!"

Akaacha kucheka. Akahesabu kwa kidole kutoka kushoto: mmoja, wawili, watatu. Mrefu, mwembamba pia. Akavuta kiti, akakaa.

"Nyamaza," akaniambia baadaye. "Mama wa watu karidhika. Ukimwambia utamsaidia nini?" Mama naye akasema hivyo hivyo, akaongeza kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Walikuwa na haki, na mie nikawachukia wote wawili. Kulala silali, kula sili. Nikitia uzi kwenye sindano namwona yule bibi akimwambia mtoto wa watu: haya, nenda. Picha ya majaribio nilikwisha ichafua haifai, na karatasi kubwa za mjomba zilikuwa zimekwisha, zinangojwa kutoka Tanga. Nilikuwa nateremka bandarini kila chombo kikiingia, mpaka makuli wakanitania wananiuliza huyo mchumba wa Tanga haji tu?

Karatasi zikaja baada ya wiki sita. Mjomba akachapisha upande wake. Nikampaka binti mwenyewe, vizuri kuliko yule wa kwanza, nikapanda gari la asubuhi kwenda Gando, picha kifuani na kanga iliyofuliwa mkononi.

Bibi alikuwa uani kwake, anachambua mchele kwa vidole. Hakugeuka nilipopiga hodi, alielekeza sikio. Nikajua kabla hajaniambia.

"Limefungwa," akasema. "Wiki ya pili sasa. Alhamdulillahi, nilimwahi mwanangu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeweka kanga chini, akanywa chai, akarudi kwao. Mie siri ikikaa kwangu inaoza. Nikampa picha mpya, nikakishika kidole chake, nikakiweka. "Bibi, huyu hapa."

"Huyu nani?"

Nikamwambia yote. Filamu, chai, ndoana, mkono wa kulia. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetua mzigo, na kweli nilikuwa natua. Miguu yangu ikaacha kuwasha papo hapo. Leo ndiyo naona nilikwenda Gando kwa ajili ya miguu yangu, si kwa ajili yake.

Bibi akaileta picha kwenye lile jicho, akaisogeza, akaiondoa, kama siku ile. Hakikuonekana kitu.

"Radhi zake zimemfika, bibi," nikasema, machozi yananitoka. "Nia yako Mungu anaijua."

"Hilo najua. Hunifunzi dini yangu." Hakukasirika, na bora angekasirika. Akaipapasa karatasi, laini kote, penye rangi na pasipo rangi. "Mie kila siku nikifumba macho haya namwona vile nilivyomwona kwako. Na kanga ya manjano, kasimama peke yake. Sasa niambie, mwanangu. Yule ninayemwona ni nani?"

Nilikuwa nimempaka siku mbili msichana yule, kila mkunjo wa kanga yake naujua mpaka leo. Jina lake sikulijua.