Mkate wa Mfugaji na Saini ya Mume Wangu

Tangi la maji lililo juu ya nyumba yangu nililinunua mimi, kwa mshahara wangu wa ualimu, mwaka mmoja kabla mume wangu hajatia saini ile karatasi. Risiti ninayo. Wanaosema lilitoka kwa kampuni ya mgodi waje niwaonyeshe, na wapite mlango wa mbele.

Kuhusu mkate, ni kweli. Alimpa mfugaji mkate, na sababu yake ndiyo hii.

Marehemu mume wangu alikuwa mkaguzi wa ardhi iliyochimbwa. Kampuni ikitaka kuchimba, huweka kwanza dhamana serikalini. Ikimaliza hufukia mashimo, hurudisha udongo wa juu na kupanda nyasi, na dhamana hairudishwi mpaka mkaguzi aandike kwamba pale pamekuwa malisho tena. Kazini walimwita Bwana Fremu, kwa sababu ya fremu ya chuma aliyokuwa akiirusha nyuma yake bila kuangalia, asije akachagua mahali, kisha anapiga magoti kuhesabu kila shina la nyasi lililo ndani yake. Suruali zake zote zilichakaa magotini kwanza. Viraka nilitia mimi.

Katika mgodi ule nyasi zilifaulu. Zilifika gotini, za aina inayotakiwa. Lakini ng'ombe wakifika palipokuwa ukingo wa shimo walisimama, wakageuka, wakaenda kung'ang'ania vijiti vikavu upande wa pili.

"Fomu inauliza nyasi, haiulizi ng'ombe," mhandisi wa kampuni alimwambia. "Tia saini, mzee, twende nyumbani."

"Kama hawali, naandika malisho ya nini?"

Alikataa mara mbili. Udongo ukapimwa, maji yakapimwa, hakuna kasoro. Jioni moja nikamkuta mezani anatafuna.

"Baba watoto, hizo si nyasi?"

"Zina utamu kidogo," akasema. "Sasa wao wanakataa nini?"

Nikamletea maji ya kusukutua.

Mara ya tatu alishinda na mfugaji mwenyewe, mzee aliyechunga pale tangu shimo likiwa wazi. Ng'ombe walipokaribia ukingo wa zamani, mzee akapiga mluzi mfupi, nao wakageuka.

"Mbona unawarudisha?"

"Nani, mimi? Sijafanya kitu."

"Umepiga mluzi."

"Mwanangu, jua limekupata."

Kumbe enzi za shimo aliwazuia hivyo wasitumbukie, na midomo yake ikazoea mahali pale, mwenyewe hana habari. Mume wangu hakubishana. Alifungua mkoba, akatoa mkate niliomfungia asubuhi, akamkaribisha mzee. Mtu anayetafuna hapigi mluzi. Ng'ombe wakavuka, wakainamisha vichwa, wakala. Akatia saini palepale. Madereva wa kampuni waliuona mkate ukitolewa, na maneno yaliyofuata mji mzima unayajua kuliko mimi.

Baada ya mazishi mdogo wake marehemu alinijia sebuleni.

"Shemeji, watu wanasema mfugaji alinunuliwa kwa mkate. Tuwajibuje?"

"Waambie ulikuwa nusu mkate. Nusu nyingine alikula kaka yako."

Hakucheka. Basi nikaenda kuona kwa macho yangu. Nyasi zipo, nzuri, nene. Ng'ombe walifika ukingoni, mzee akapiga mluzi, wakageuka.

"Baba, umepiga mluzi," nikamwambia.

"Nani, mimi?" Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mfiwa. "Pole sana, mama."

Nikabaki nimesimama pale, viatu vimejaa mbegu za nyasi. Kama palikuwa malisho siku ile, leo ni nini? Kampuni imechukua dhamana yake na kuondoka. Mume wangu alipima malisho, au alipima mkate wangu? Niliishi naye miaka thelathini na moja na sijui angejibu nini. Ninachojua ni kwamba ng'ombe walipoachwa walikula, naye aliandika alichokiona. Saini yake hakuiuza.

Shemeji anataka nieleze pia kwa nini hakumwelewesha mzee mpaka aache ule mluzi. Sijui, na hata ningejua nisingemwambia. Risiti ya tangi iko kwenye droo ya kabati la sebuleni. Zaidi ya hapo sisemi.