Sinema Iliyonipokonya Sauti

Mama hunicheka nikisema "enzi zetu."

"Kidato cha tatu, una enzi gani wewe?"

Ninazo. Enzi zetu, hapa Mchafukoge, watoto wa ghorofa nzima tulijazana kwenye mkeka wa Bibi, visheti mkononi, tukisukumana mbele ya televisheni moja. Siyo watoto wa sasa, unamkanyaga mtu na hajui, macho yote kwenye simu.

Siku moja Bibi alirudi kutoka Kariakoo na CD ya sinema ya mapenzi, ya kizungu, ya kale, haina rangi. Watu wanachezesha midomo, sauti hakuna; maneno yanakuja kwa maandishi.

"Hebu tutafsirie, mjukuu wangu," akasema Bibi.

Mimi ambaye wageni nilikuwa nawapa shikamoo nikiwa nyuma ya pazia! Kiingereza chenyewe nilibahatisha. Lakini nikajikaza kama wale wanaotafsiri sinema vibandani, nikampa yule bwana sauti nene: "Mpenzi, bila wewe hata pilau halinishuki!" Bibi akapiga vigelegele. Sijawahi kujiona mkubwa vile.

Kumbe sinema ile ilitengenezwa wakati sinema ndiyo kwanza zinajifunza kusema. Karibu na mwisho, bila taarifa, yule bwana akafungua kinywa na sauti ikatoka. Nyembamba, kama ya mwanambuzi.

Rama wa ghorofa ya juu akaanguka mkekani. "Ebo! Kumbe dume ulikuwa wewe!"

Walicheka mpaka ngazini. Nikakimbilia pazia langu.

"Zimeni hiyo sauti," Bibi akafoka, "mimi nataka ya mjukuu wangu!"

Sikutoka. Tangu hapo hata darasani nasoma kwa kunong'ona.

Sasa masikio ya Bibi yamechoka. Kwake sinema zote zimerudi kuwa za midomo mitupu. Jumapili akanishika mkono: "Yule anasemaje?"

Nilifunga dirisha kwanza. Uso unawaka. "Anasema anampenda!"

"Eti?"

"ANAMPENDA!"

"Sasa ndiyo sauti gani hiyo? Mpe ile nene."

Nikampa. Nene, mpaka vikombe vikatikisika. Bibi akapiga vigelegele vyake, na mimi nikafumba macho nikisubiri kicheko cha ngazini.

Kimya. Nikachungulia mlangoni. Rama alikuwa kakaa pale pale kwenye ngazi, spika masikioni, kidole kinapandisha picha kwenye simu. Hakuinua hata kichwa.

Zamani niliona aibu kwa kuwa wote walinisikia.